Msumari wa Pampu Yangu

Siku ya kwanza kazini nilifika kabla mlango haujafunguliwa. Nikakaa barazani pale Kikwajuni na cheti changu cha Form Four ndani ya bahasha, kama kwamba dobi anaajiri mtu kwa cheti. Bi Zuhura, mwenye dobi, akaja na bunda la funguo na buibui lake limetiwa pasi mpaka mikunjo yake inakata.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba. Wewe ndo yule mtoto wa Jang'ombe niliyeambiwa?"

"Naam. Naitwa Saada."

Akatega sikio. "Mbona nasikia filimbi? Nani anapiga?"

"Kifua changu, Bi. Nna pumu tokea mdogo."

Nikajua hapo kazi ishakwenda. Duka la nguo nililoomba kabla ya hapo waliposikia filimbi hiyo walinambia watanipigia simu, na mpaka leo hawajapiga.

"Pumu si wizi," akasema, akausukuma mlango. "Lakini utakaa upande huu penye hewa. Ingia basi, nguo hazijifui."

Nimestaafu udobi nikiwa na miaka ishirini na sita. Najua mtacheka, mtasema mstaafu gani hana hata unywele mmoja mweupe. Chekeni mmalize, kisha nisikilizeni, kwa sababu nyie wadogo zangu mnaotoka skuli sasa hivi mnadhani dobi ni mtu na beseni tu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kwenye mabeseni, chini ya mama mmoja tuliyemwita Mkuu wa Maji. Kwake huroweki kitu kabla hujakichambua. Shuka za hoteli za Mji Mkongwe zinakaa mbali, kanzu mbali, na kanzu zenyewe unazitenga: zilizodariziwa kwa cherehani huku, za darizi ya mkono kule. Darizi ni ule ushonaji wa nakshi shingoni na kifuani. Ya mkono hushonwa kwa uzi wa hariri, na hariri haitaki maji ya moto wala kusuguliwa. Mimi nna haraka ya kuzaliwa nayo. Nilikuwa nasugua kama nnaosha sakafu.

"Saada," Mkuu wa Maji ananiita, "huyo mwenye kanzu amekukosea nini?"

Kutoka hapo nikapandishwa kwenye wanga na bluu. Wanga ni uji mwepesi wa muhogo unaoikaza kanzu ikasimama vizuri mwilini. Ukizidi, mtu anatembea anakwaruza kama kavaa boksi. Bluu ni rangi kidogo ndani ya maji ya mwisho, inaitoa nyeupe umanjano. Ukiimimina bila ya kukoroga unapata madoa, na madoa yale niliyapata, nikazifua upya kanzu zote huku wenzangu wanakula urojo.

Kisha nikafika nilipopataka, kwenye pasi. Hapo bwana mkubwa alikuwa Fundi Mkuu, mzee mkimya mwenye kofia ya kiua. Shuka alituachia tupige kwa umeme, lakini kanzu ya darizi ya mkono aliipiga kwa pasi ya makaa, kwa sababu ule uzito wake unaulaza uzi bila ya kuusukuma. Makaa yaliwashwa uani kwenye seredani mpaka yaive, yasitoe moshi, ndo yanatiwa ndani ya pasi. Utaratibu huo aliuweka kwa ajili ya kifua changu na hakumwambia mtu.

"Unaanza na nini?" aliniuliza kila asubuhi, mwaka mzima.

"Mikono, kisha mgongo, kisha mbele. Shingo mwisho."

"Shingo vipi?"

"Naigeuza ndani nje, naitandikia taulo, napiga kwa mgongoni ili darizi isibonyee."

"Kwa haraka?"

"Bila haraka, Fundi."

"Mwongo," anasema, na kazi inaanza.

Nilikuwa nishaizoea mpaka naitambua kanzu ya mtu kwa kuishika tu, ndo ikaja korona. Hoteli zikafungwa. Shuka zilizokuwa zikija kwa magari zikakatika kama bomba lililofungwa. Wenzangu wa shuka wakakosa kazi, Mkuu wa Maji akarudi kwao Makunduchi. Fundi Mkuu ana kisukari, na wanawe wakamwambia haruhusiwi kutoka nje. Alimpigia simu Bi Zuhura anaomba radhi kwa sauti ya chini, kama mtu aliyekamatwa. Kwa miaka yote ile hakuna aliyejua kuwa anaumwa. Alikuwa akimeza vidonge vyake chooni.

Tukabaki wawili, Bi Zuhura na mimi. Na mimi ndiye niliyekuwa nikitajwa redioni: wenye pumu wajitunze, wenye pumu wasikae penye watu. Mama alikuwa anaizima redio nikiingia. Usiku nikihisi kifua kimebana nilikuwa sijui kama ni pumu yangu niijuayo au ni ile nyengine. Lakini asubuhi nilitoka nikenda kazini. Nilijiambia hivi: nikikaa nyumbani mara moja, sirudi tena. Nani atamchukua msichana anayepiga filimbi na kukohoa, wakati kila mtu anakimbia kikohozi? Kazi ile ilikuwa ndo mlango wangu pekee uliofunguka.

Basi nikajifunza kukohoa kwa siri. Nikihisi kinakuja, nnakwenda uani, najifunika taulo, nakohoa humo. Pampu yangu, ile ya kuvuta dawa, nilikuwa naificha kwenye kopo la bluu.

Siku moja hakikunisubiri. Alikuwa amesimama mlangoni Dalali, mnadi samaki wa mjini, mteja wetu wa kanzu za Ijumaa. Sauti yake ikisema hapa inasikika Mpendae. Barakoa yake ameivaa kidevuni, kama amekifunga kidevu kisianguke. Nikafungua mdomo kumwambia kanzu ziko tayari, kikatoka kikohozi, na nyuma yake kingine, nikashindwa kusimama.

Dalali aliruka mpaka chini ya baraza. "Bi Zuhura! Mnafuga nini humu?"

"Pumu hiyo, Dalali. Vaa barakoa yako."

"Pumu! Siku hizi kila mtu ana pumu! Nitupie kanzu zangu, na ile ya darizi pia, hata kama haijafuliwa. Ntafua mwenyewe, na dawa!"

"Wewe? Umewahi kufua hata leso?"

"Ntajifunza leo!"

Akaondoka kazishika kwa ncha za vidole. Mnadi samaki akipata habari, habari imenadiwa. Kabla ya magharibi watu wakaanza kuja mmoja mmoja kutaka nguo zao, wengine hata hazijakauka. Waliosimama mbali walinitazama mimi, si nguo.

Kesho yake Bi Zuhura akaniita ndani. Nikavua aproni kabisa, nikaikunja, nikaiweka mezani. Nilishajitayarishia maneno ya kumshukuru nisije nikalia.

"Hiyo aproni imekukosea nini?" akauliza.

"Bi, najua. Kikohozi changu kitafunga dobi."

"Pampu yako iko wapi?"

"Kwenye kopo la bluu."

"Ndo maana. Umeificha kama bangi, wao wafikiri nini?" Akachukua nyundo ya kufungulia masanduku ya sabuni, akatafuta msumari, akaugongelea pembeni mwa mlango, pale pale mteja anapoweka macho. Akaifunga pampu yangu uzi, akaitundika. "Kuanzia leo inakaa hapa. Anayetaka kujua nani anakohoa na kwa nini, aangalie. Anayeogopa achukue nguo zake, namuombea kheri."

"Na wakizichukua zote?"

"Tutafua za kwetu. Vaa aproni."

Meza ya pasi tukaitoa uani, chini ya turubai. Nguo za wateja zilikuwa hazishikwi mpaka zimelala juani kutwa, na wenyewe walizipitisha dirishani, barakoa ziko puani. Kila aliyefika Bi Zuhura alimuonyesha msumari kwa kidole: "Hiyo ya Saada. Pumu. Haya, nguo zako ziko wapi?" Wengine waliondoka. Wengine walisimama kidogo, wakaziacha. Mama mmoja aliitazama pampu muda mrefu, akasema taratibu, "Mwanangu anayo kama hiyo. Hataki ionekane skuli." Akaleta mafurushi mawili.

Lakini hazikutosha. Siku nyengine nilipiga pasi kanzu moja tangu asubuhi hadi adhuhuri ili tu mkono usisahau. Bi Zuhura akaanza kusema habari za kuirudisha nyumba tuliyokodi kwa mwenyewe Idi ikipita.

Zikabaki siku chache kwa Idi ndo akarudi Dalali. Safari hii barakoa ameivaa mpaka karibu na macho. Alisimama mbali na dirisha, amekumbatia kitu ndani ya gazeti, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anasema kwa sauti ya kibinaadamu.

"Bi Zuhura, nna maiti hapa."

Ilikuwa kanzu yake ya darizi ya mkono. Aliirowesha kwenye maji yenye klorini kidogo, aue maradhi. Kitambaa kilikuwa cheupe pepe, lakini hariri ya shingoni ilikuwa imegeuka manjano, tena si manjano moja. Hapa imekoza, pale imepauka, kama meno ya mvuta sigara. Hariri na klorini havikai pamoja, na umanjano ule hautoki.

"Siku ya pili ya Idi nnamuozesha binti yangu Mwanakhamis," akasema. "Mimi ndo walii wake. Watu wamepunguzwa, karamu hakuna, nikasema angalau nisimame na kanzu hii. Marehemu mama yake ndiye aliyeninunulia."

Bi Zuhura akamtazama. "Na si wewe uliyetutangaza mji mzima?"

"Nilinadi vibaya."

"Mimi siiwezi. Muulize mwenye pampu."

Dalali akanigeukia. Nilitamani nimwambie aifue mwenyewe kama alivyosema. Badala yake nikaichukua, nikaitandika kwenye taulo, nikaitazama bila haraka. Nyeupe haiwezi kurudi, sawa. Lakini dhahabu je? Kuna kanzu zinadariziwa kwa uzi wa dhahabu tokea mwanzo. Kinachoitia aibu hii si rangi, ni mabaka.

"Niachie," nikamwambia. "Na usimwambie mtu mpaka uivae."

"Mimi? Nisimwambie mtu?"

"Jaribu, Dalali. Utajifunza leo."

Bi Zuhura alicheka mpaka akakaa chini.

Nikaisuuza mara nyingi mpaka harufu ya klorini ikaisha, kwa sababu hata mimi harufu ile ilikuwa inanibana. Nikapika chai ya rangi nzito na bizari ya manjano kidogo, nikaijaribu kwanza kwenye ncha ya uzi upande wa ndani. Kisha nikazungushia pamba kwenye kijiti cha meno, nikaanza kuupaka uzi, mshono mmoja mmoja, taulo iko chini inanyonya, tone lisiguse kitambaa. Palipopauka nilipita mara tatu, palipokoza mara moja. Nilikaa uani siku mbili. Mimi, ambaye nasugua kama nnaosha sakafu. Kila kikohozi kikija naweka kijiti chini, nnakwenda msumarini, navuta, nasubiri mkono utulie, narudi. Nilipomaliza nikatia makaa ndani ya pasi ya Fundi Mkuu, nikaigeuza shingo, nikaipiga kwa mgongoni.

Dalali alipoiona aliisogelea mpaka dirishani. Akavua kofia, akaivaa tena. "Hii siyo yangu," akasema.

"Yako."

"Yangu haikuwa nzuri hivi."

Basi alinadi. Alinadi sokoni, alinadi msikitini baada ya nikaha, alinadi kwa simu. Kumbe nusu ya mji walikuwa wameshazirowesha kanzu zao kwenye klorini na wamezificha makabatini kwa aibu! Wakaja nazo dirishani, wanasema, "Nataka shingo kama ya Dalali." Wengine wakaleta nzuri kabisa, hazina kosa, ati nao wanataka dhahabu. Hakuna tena aliyeuliza nani anakohoa. Bi Zuhura hakuirudisha nyumba.

Hoteli zilipofunguliwa shuka zikarudi, na Mkuu wa Maji akarudi kutoka Makunduchi. Fundi Mkuu alikuja amepungua mwili. Alisimama mbele ya msumari, akaitazama pampu, akaitazama meza yangu.

"Unaanza na nini?"

"Mikono, Fundi."

"Kwa haraka?"

"Bila haraka."

Safari hii hakuniita mwongo. Alinikabidhi pasi ya makaa, yeye akashika ya umeme.

Nimestaafu mwaka huu. Daktari alisema kifua kimechoka na joto na makaa, na mie nishampata anayeweza kuishika pasi ile. Sikufukuzwa na maradhi, wala na watu. Nilichagua siku mwenyewe, nikaaga mwenyewe. Sasa hivi nnadarizi kanzu nyumbani Jang'ombe, dirisha wazi, na uzi wa hariri nnaujua tabia zake zote.

Nyie mnaoanza kazi na mwili wenye kasoro, msikae mkaificha kwenye kopo. Semeni siku ya kwanza, kwa sauti. Kuna milango itakayofungwa, naijua. Mnayemtafuta ni yule mmoja mwenye nyundo.

Siku ya mwisho nilipandisha mkono niichukue pampu yangu. Bi Zuhura akanambia, "Pampu chukua. Msumari niachie."

Juzi nilipita kupeleka kanzu. Pembeni mwa mlango sasa pana misumari mitatu. Mmoja una miwani ya Mkuu wa Maji, ambaye kumbe muda wote ule alikuwa akichambua hariri kwa kupapasa. Wa pili una kifuko kidogo cha kitambaa, mna vidonge vya Fundi Mkuu, mbele ya wateja wote. Wa kwanza hauna kitu, na Bi Zuhura hamruhusu mtu kuutundikia hata ufunguo.

Huo ni wangu.