Pongo Asiyepewa Jina

Faraji alipokuja na kitoto cha pongo, yule swala wa vichakani, ndani ya kiroba cha mbolea, hakuna aliyeuliza kwa nini amekipeleka kwa Bi Mwajuma. Kijiji kizima cha Mahurunga kilijua kwamba bibi huyo aliwahi kulea wanyama mjini Mtwara, enzi za usichana wake. Mwanambuzi aliyefiwa na mama yake hupelekwa uani kwake kama mgonjwa anavyopelekwa zahanati.

"Mbwa wangu wamemuua mama yake kule kwenye mikorosho," Faraji alisema akitazama chini. "Nimefika nimechelewa. Mtendaji wa kijiji ameshawapigia simu watu wa wanyamapori. Lakini bibi, huyu hata kusimama hawezi."

Bi Mwajuma akafunua kiroba. Macho meusi, makubwa, yenye maji. Masikio mapana yanayotetemeka. Akakaa palepale chini, akakipakata kile kitoto, akakifunika kwa khanga yake, na huku anatuma mtu akakamue mbuzi. Miaka karibu arobaini ilikuwa imepita tangu apakate mnyama wa namna ile.

Alikuwa na miaka kumi na tisa alipopata kazi katika bustani ya wanyama ya Bwana Habibu, mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na kiwanja kikubwa mtaa wa Shangani, palepale Mtwara. Yenyewe haikuwa na wanyama wengi: nyani wawili, chatu, kobe wakubwa watatu, swala wachache, na mamba wa mto Ruvuma aliyewekwa kwenye shimo la saruji. Lakini sikukuu ya Idi ikifika, ungedhani mji wote umehamia pale! Watoto wenye kanzu mpya walipanga foleni wapandishwe mgongoni mwa kobe. Mpiga picha aliwavisha vijana chatu shingoni, wakajikaza wasionekane wanaogopa. Yule nyani dume alipewa sigara iliyowashwa, akaivuta kama mzee wa barazani, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mamba naye alitupiwa mawe, watu wapate kujua kama yu hai.

Mwajuma naye alicheka. Nani angeona ubaya? Aliwapenda wale wanyama. Aliwapikia uji, akawakatia maboga, akawaogesha wakati wa joto. Hata sasa akipita mahali penye harufu ya boga lililoanza kuoza, husimama kidogo, akaiona tena bustani ile, yeye mwenyewe kijana, ndoo mkononi, na kila mnyama anamgeukia.

Kuliko wote alimpenda Kidoti, pongo dume mwenye alama nyeupe shavuni. Aliletwa mchanga, akamlea kwa chupa. Kidoti alilala mlangoni pake, akamfuata hadi sokoni kama mbuzi wa nyumbani, na watoto wa sikukuu walimlisha karanga viganjani. "Huyo ndiye mwanangu wa kwanza," Bi Mwajuma huwaambia wanawe hadi leo, nao hucheka.

Bwana Habibu alipofariki, warithi wakakitaka kiwanja chao. Nyani wakachukuliwa na mtu wa Dar es Salaam. Mamba akafa. Kidoti akapakiwa kwenye gari, akaletwa kuachiliwa kwenye vichaka vya huku Mahurunga, kijiji alichozaliwa Mwajuma. Mwajuma alilia, kisha akafurahi. Alijiambia kwamba sasa mwanawe atapata wenzake.

Wiki mbili baadaye akaja huku kijijini kumsalimu shangazi yake. Akamkuta jirani, mwindaji, anawasimulia watu jambo la ajabu lililompata porini.

"Nimekaa zangu napumzika, mara pongo huyo anakuja! Hakukimbia. Akanisogelea, akanilamba kiganja, kama mtu anayeomba kitu. Kumuua sikutoka hata jasho."

Watu wakashangaa. Mwajuma akainuka, akaenda nyuma ya nyumba asionekane. Hakumwambia mtu kwamba huyo alikuwa Kidoti.

Siku ya pili baada ya kitoto kuletwa, ofisa wanyamapori akafika kwa bodaboda, tope hadi magotini. Alikuwa binti mmoja mwenyeji wa Mbeya, jina lake Jesca. Alimkuta Bi Mwajuma amempakata pongo, na vijana wamemzunguka, wanapiga picha kwa simu zao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Tazama, ameanza kunyonya."

Jesca aliwaomba vijana kwa upole watoke uani. Kisha akaeleza kwamba mvua imekata barabara, na gari la kumpeleka pongo kwenye kituo cha kulelea halitaweza kufika kwa siku kadhaa.

"Nakuomba umtunze, bibi. Lakini usimpakate, usimsemeshe, wala usimpe jina. Anywe bila kukuona."

Bi Mwajuma uso ukambadilika. "Mimi nimelea wanyama kabla mama yako hajaolewa! Mtoto asiyeshikwa si atakufa?"

"Zamani ndivyo ilivyokuwa, bibi. Sikusemi vibaya. Ila huyu akikuzoea wewe, amewazoea watu wote. Atajuaje nani ni Bi Mwajuma na nani ameshika panga?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, bibi akamsimulia mtu habari yote ya Kidoti, mpaka pale alipomlamba mwindaji kiganja. Jesca alimshika mkono.

Jioni ile Faraji alisuka ukuta wa makuti kwenye kona ya banda, akaacha tundu la kupitishia chupa. Siku kumi na moja Bi Mwajuma alimnyonyesha kupitia tundu hilo. Kitoto kilipolia, alikaa upande wa pili ameuma ncha ya khanga, maneno yote ya kubembeleza yamemjaa kinywani. Yeye aliyezungumza na Kidoti kutwa!

Tatizo likawa kwamba pongo hakuweza kujisaidia. Bi Mwajuma alijua sababu: mama yake angemlamba. Akafunga kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kwenye fimbo, akaipitisha penye makuti, akamsugua chini ya mkia taratibu mpaka mambo yakawa sawa. Jesca alipoelezwa kwenye simu alimwambia, "Subiri, bibi, niandike. Hili chuoni hatukufundishwa."

Gari lilipofika, Bi Mwajuma alibaki ndani akimenya ming'oko, vile viazi vya porini. Alisikia mlango wa gari ukifungwa. Akaendelea kumenya, hata iliyokwisha kumenywa.

Mwaka uliofuata, msimu wa korosho, simu yake ikalia.

"Bibi, tumemwachilia jana," Jesca alisema. "Amekuwa mkubwa, ana pembe."

"Mlipofungua, alifanyaje?"

"Alitoka mbio! Nilisimama karibu na mlango, wala hakunitazama. Akaingia kichakani, basi."

Bi Mwajuma alihisi kitu kikimchoma, wivu na huzuni pamoja, na chini yake furaha ambayo hakuitarajia. Akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Alikuogopa?"

"Sana, bibi."

"Alhamdulillahi," akasema, kisha akamwomba Jesca amsimulie tena, tangu mwanzo, polepole.