Mstari wa Masale Mlimani Masaba

Asubuhi moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu. Nilikuwa kwenye shamba la shangazi yangu, juu ya Mbale, nimeshika ncha moja ya kamba, na ncha ya pili ilikuwa mikononi mwa Hassan. Umeniuliza kama uende kusoma habari za visiwa vya volkano ambavyo ubavu wake huporomoka baharini, au ubaki hapa kunitunza. Kaa kidogo. Visiwa hivyo nilivisikia kabla mama yako hajazaliwa, na bado vinaniuma.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Mpumudde, kule Jinja. Hassan alifundisha jiografia kwenye sekondari mjini. Alikuwa Mwislamu wa palepale Jinja, mwembamba, mcheshi, na Kiswahili hakikumpiga chenga. Miaka ile ya utawala wa jeshi, wengi wetu tulikiogopa Kiswahili, kwa sababu ndicho tulichofokewa nacho kwenye vizuizi vya barabarani. Mimi nilikipenda kwa ajili yake. Usicheke, hata bibi alikuwa msichana.

Alinieleza jinsi volkano inavyojenga kisiwa, ikitema mawe na majivu tabaka juu ya tabaka, mpaka kisiwa kinakuwa kizito kuliko kinavyoweza kujishikilia. Siku moja ubavu mzima unaachia na kuingia baharini.

"Lakini kwanza unasogea kidogo kidogo," aliniambia, "na hakuna anayetazama."

Ndoto yake ilikuwa kwenda kuvisoma visiwa hivyo. Nikamwambia kwamba mlima wetu, Masaba, nao ulijengwa na moto, na kwamba juu ya nyumba ya shangazi kuna ufa ardhini unaoweza kumeza jembe na mpini wake. Alinitazama kwa macho ambayo sijatazamwa nayo tena.

Basi kila likizo tulipanda basi kwenda Mbale, yeye kabeba sabuni na sukari za shangazi, maana vitu hivyo vilikuwa vimeadimika. Tulipigilia vijiti chini ya ule ufa kwa mstari ulionyooka, kutoka jiwe moja kubwa hadi jingine, ili udongo wa katikati ukisogea, vijiti vitoke kwenye mstari nasi tuone. Ndipo asubuhi ile askari wakatukuta na kamba yetu. Walikuwa wakisaka watu wanaovusha kahawa ya magendo kwenda Kenya.

"Nyinyi nafanya nini hapa?" mkubwa wao akauliza.

"Tunapima mlima, afande. Tunataka kujua kama unatembea."

"Mlima natembea?" Wenzake wakacheka, yeye hakucheka. "Nyinyi naonyesha adui njia. Toa hii yote! Mimi narudi, naona kijiti moja tu, nyinyi nakwenda na mimi kambi."

Tuling'oa kila kijiti. Walipoondoka nikakumbuka masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu hupandwa kuwa mpaka wa shamba. Hata mtu mwenye chuki na jirani yake hathubutu kugusa isale. Tukakata vipande, tukavipanda mstari uleule, jiwe kwa jiwe. Askari walirudi kweli. Wakazunguka masale yetu bila kuyakanyaga, maana nao walizaliwa vijijini.

Ila kijiji kilielewa vingine. Watu waliona shamba la shangazi limekatwa kwa mpaka mpya, na aliyepanda ni kijana mgeni. Wakasema basi, mkwe kagawiwa ardhi. Wanawake kisimani wakaniuliza harusi lini. Shangazi mwenyewe akaanza kumpisha Hassan njia na kukataa kula naye pamoja, kama mkwe anavyostahiwa kwetu. Nilidhani Hassan atakanusha. Kila alipoitwa mkwe aliitika, "Naam," huku ananitazama mimi. Hiyo ndiyo posa niliyopata, mwanangu, na ilinitosha.

Masale yalipokwisha kushika mizizi, habari ikatufikia kwamba kambini anatajwa mwalimu mmoja anayepima milima. Waliotajwa hivyo hawakurudi nyumbani. Dereva wa lori, Mkenya rafiki yake, akakubali kumvusha. Tuliagana Mbale, nyuma ya duka la jumla.

"Twende," Hassan aliniambia. "Tutavisoma vile visiwa pamoja."

Mawingu ya msimu wa mvua yalikuwa yameshaufunika mlima. Jana yake nilikuwa nimesimama kwenye jiwe nikauona mstari umeanza kupinda katikati, na chini yake shangazi alikuwa akilala na watoto wake. Pale kijijini hakuna mwingine aliyejua kuusoma.

"Mvua ikiisha nitakuja," nikasema.

"Msalimie shangazi. Mwambie mkwe wake anamsalimu." Akapanda lori.

Mvua ilizidi, na mstari ukazidi kushuka. Nilimwambia shangazi tuhame, akanicheka. Nikamshika mkono, nikamsimamisha kwenye lile jiwe. Akaufuata mstari kwa macho, jiwe hadi jiwe.

"Hakuna mtu anayesogeza isale," akasema polepole. "Basi huu ni mlima wenyewe."

Akaenda kufunga godoro lake. Tulihamia ng'ambo ya kijito, na haukupita muda ubavu ukaachia. Nyumba, kahawa, migomba, vyote vikafukiwa. Hakufa hata mtoto mmoja.

Nilitamani kumwambia Hassan kabla ya mtu yeyote. Mvua ikaisha, lakini njia za mpakani zikawa za hatari. Dereva aliniletea salamu mara moja tu, kwamba Hassan amepata nafasi ya masomo, amevuka bahari, ananisubiri. Kisha dereva naye hakuonekana tena. Nilingoja mpaka utawala ule ukaanguka, nikangoja na baadaye. Mwishowe niliolewa na babu yako, mtu mwema, na sikumnyima kitu. Sijutii kubaki. Nina hamu tu, na hamu hiyo haijazeeka pamoja nami.

Sasa nisikilize. Ukiitwa kwenda mbali, tazama kwanza kama yupo anayelala chini ya ufa ambao ni wewe tu unayeuona. Akiwepo, baki, wala usijilaumu. Asipokuwepo, nenda, usijifanye unahitajika. Mimi nyumba yangu iko tambarare na miguu bado inanibeba. Usinifanye mimi kuwa mvua yako.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie, ardhi utakayoikanyaga ikushike vizuri, na anayekupenda asikungoje bure. Ukifika kwenye hivyo visiwa, simama pale ubavu ulipokatika, useme kwa sauti, hata kama hakuna anayesikia, kwamba mstari ulipinda, na shangazi alipona.