Vibati vya Chumvi

Juzi, katika hoteli moja mjini Homa Bay, niliviona vibati vya nyanya yangu ndani ya kabati la kioo. Nilivijua kwa matundu yake yaliyokaa upande. Kando pana kikaratasi: "Vya zamani. Mwenyewe hajulikani." Hasira zilinipanda, hata chai ikanishinda.

Hajulikani? Ngoja nikwambie, rafiki yangu. Wakati wa vita vikuu vya pili, wanaume wa kwetu Migori wakiwa wamechukuliwa ukeya, jeshini kwa Mwingereza, sarafu ziliadimika. Mwenye duka akakata mabati ya debe, akayagonga muhuri wake, akawa anawapa akina mama badala ya chenji. Kibati kimoja, kikombe kimoja cha chumvi. Kisha akafunga duka na kuhama bila kuaga. Mwizi wa mchana kweupe!

Nyanya alipita nyumba kwa nyumba akivikusanya vya wenzake, akavitoboa kwa msumari na kuvitunga kwenye uzi, kama zile senti za tundu. Kila Jumamosi nilivisugua kwa jivu, huku omena wakichemka jikoni na mate yakinidondoka. "Deni haliozi," alizoea kusema.

Nikiwa darasa la nne, akaja mgeni. Njiani aliniambia wazi kwamba hununua vitu vya kale akauze. Nyanya hakujua Kiswahili, basi nikawa mkalimani.

"Nyakwara, mjukuu wangu, muulize kama ametumwa na mwenye duka," nyanya akaniambia.

Nikamuuliza. Mgeni akautazama ule uzi, akanitilia pakiti ya biskuti mkononi. "Mwambie ndiyo. Amenituma nilipe."

Nilijua ni uongo, na nikausema kwa Kijaluo safi.

Akalipa kwa chumvi ya dukani, rahisi kuliko nauli yake. Nyanya alilia kwa furaha. Aliwaita wenzake akawapimia kikombe kwa kikombe, na waliokufa akawapelekea watoto wao. Leo wote wamezikwa, na pale palipokuwa duka pana mahindi.

"Mzee, usiguse hapo," binti mhudumu wa hoteli akaniambia. "Hizo ni za kuuza, na bei iko juu."

Namlaani mwenye duka, namlaani na yule mgeni. Nilitaka kumfokea yule binti kwamba wenyewe nawajua mmoja mmoja. Lakini angeniuliza vilitokaje kwetu, na utamu wa zile biskuti ningali naukumbuka.