Siku Nilipomtafuta Baba Yake Robhi

Jamani, kuna aibu ambayo ukiikumbuka unafunika uso hata ukiwa peke yako chumbani, na yangu ilinipata mchana kweupe, mbele ya wazazi wote, tena nimevaa gauni jipya. (Anayetaka kucheka acheke sasa, nikianza sisimami.)

Mnajua mimi ni mtu wa Mbeya, nikapangiwa kazi huku Serengeti kufundisha kitengo cha watoto viziwi. Kila nikiitisha kikao wanakuja kina mama watupu, na mimi nilitaka familia nzima ijifunze lugha ya alama, maana mtoto anaongea vizuri shuleni halafu akifika nyumbani hana wa kuongea naye. Basi nikaamua, kwa akili zangu mwenyewe, safari hii kina baba waje na wapangiwe viti mbele kabisa, kina mama wakae kwenye mabenchi nyuma. Mwalimu Chacha, ambaye ni mwenyeji, akaniambia, "Madam, wachanganye tu, familia za huku haziko kama unavyodhani." Nikamjibu aniachie, najua ninachofanya. Hapo ndipo nilipojichongea.

Bibi Nyangi kutoka Ringwani akaingia, nikampa shikamoo, akaitikia, akaenda moja kwa moja kukaa kiti cha mbele. Nikamshika mkono kwa adabu zote nikampeleka kwenye benchi, kando ya Ghati, mama yake Robhi, nikijua ni mtu na mama mkwe wake. Kugeuka, bibi karudi mbele. Nikamrudisha tena! (Chacha alikuwa anakohoa kule nyuma, nikadhani ni vumbi.)

Sasa huyu Robhi ndiye aliyekuwa ananinyima usingizi. Ana miaka minane, alikuwa hajawahi kukanyaga shule, na kwao walikubali ajaribu muhula mmoja tu, halafu siku hiyo ya kikao waseme kama anaendelea au anabaki nyumbani. Nikataka mwenye kauli ajulikane mbele ya watu. Nikamsimamisha mtoto, nikamuuliza kwa alama, baba yako yuko wapi? Bila kusita akamnyooshea kidole Bibi Nyangi. Watu wakaguna. Mimi nikatabasamu kitaalamu, nikawaambia, "Mnaona? Alama ya baba bado inamchanganya, ndiyo maana anahitaji shule." Nikamuuliza tena, akanyoosha kidole palepale, safari hii amekunja uso.

Nikaona nimalizane nao. "Baba yake Robhi yupo? Hayupo! Mwanaume gani huyo anayemkimbia mtoto wake?"

Bibi Nyangi akasimama. "Madam, ni mimi hapa."

"Hapana bibi yangu, wewe kaa upumzike, namtaka baba mwenyewe."

Darasa zima likaangua kicheko. Bibi hakucheka. Akasema, "Ng'ombe za kumwoa Ghati nilitoa mimi. Mtoto ni wa nyumba yangu. Kama hapa sina kiti, sisi tunaenda." Akamshika Robhi mkono, Ghati akafuata, wakatoka.

Ndipo Chacha akaninong'oneza habari ya nyumba ntobhu, kwamba mama asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa mwanamke, watoto wanaozaliwa ni wake, yeye ndiye anayesimama kama baba, na kumtafuta mwanaume mwingine mbele ya watu ni kumtukana. Mwaka mzima naishi huku na sijawahi kuuliza! Gauni nililisahau, nilichokiona ni Robhi anarudi kushinda uani na mbuzi, hana wa kuongea naye, kwa sababu ya viti vyangu.

Nikanyakua kile kiti cha mbele nilichomnyima bibi, cha plastiki, nikakitwika kichwani, viatu mkononi, nikatoka mbio, na wanafunzi wa shule nzima wamejaa madirishani wanashangilia (sijui walidhani ni mashindano ya nini). Nikawakuta getini. Nikakitua kiti, nikapiga magoti vumbini na gauni langu.

"Nisamehe, baba yake Robhi."

Bibi akanitazama, akakitazama kiti, akakaa. Palepale getini.

"Nilikuja kusema mtoto anaendelea," akaniambia. "Leo asubuhi ameniomba uji kwa mikono, na mimi nikaelewa. Tangu azaliwe alikuwa akitaka kitu analia tu. Sasa wewe kila nikikaa unaninyanyua, ningesema saa ngapi?"

Nilishusha pumzi mpaka nikaona kizunguzungu, nikacheka na kulia kwa pamoja, na Ghati naye akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akaegemea geti. Tukarudi darasani, bibi mbele, mimi nyuma na kiti changu kichwani.

Siku hizi sipangi tena viti vya baba wala vya mama. Namuuliza mtoto wa kwake ni nani, na akinyoosha kidole, naenda kumsalimia huyohuyo. Robhi alinipa jibu sahihi mara mbili siku ile, na mwalimu wake akamkosesha mara zote mbili.