Msimu wa Ngege Kalamba

Wiki jana nilisimama Malili kupata chakula, kwenye hoteli ndogo kando ya barabara kuu. Msichana wa kuhudumu akaniuliza, "Samaki iko, mkubwa kabisa. Nikuletee na ugali ama chapati?" Alipoweka mezani ngege mzima, amekaangwa mpaka mapezi yakawa makavu kama maganda ya karanga, harufu ile ilinipiga puani na, mwenzangu, sikuwa tena Malili. Nilikuwa Kalamba, kijijini kwetu, tope hadi magotini, ufito wa kuvulia mkononi.

Ukitaja Ukambani watu hufikiria ukame, na sitawakatalia. Lakini kwetu tulikuwa na silanga, bwawa la udongo ambalo watu wa kijiji walilichimba kwa majembe ili mifugo ipate maji. Nani alitia samaki mle, hakuna aliyejua. Mvua ya Novemba ikishanyesha wiki mbili tatu, maji yalipanda juu ya nyasi, na jua likitoka, yale ya ukingoni yalipata uvuguvugu kama maji ya kuogesha mtoto. Ndipo ngege walipokuja kando kuzaliana. Sisi watoto tuliwaona tu na kuwapita. Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba, ndiye aliyenilea, na kwake samaki alikuwa nyoka wa majini. Alisema sufuria ikimpika nyoka huyo mara moja, basi imeharibika.

Aliyetufumbua macho ni mwalimu wetu wa darasa la tano. Alikuwa mama kijana kutoka upande wa ziwa, amepanga chumba kwa jirani, na Kikamba chake kiliishia kwenye salamu. Jumamosi moja alitukuta tukichota maji. Akavua viatu, akakunja rinda, akaingia silangani. Alituonyesha mashimo ya duara chini ya maji, mapana kama sahani, na juu ya kila shimo dume mwenye mkia mwekundu akifukuza wenzake.

"Huyo anajenga nyumba ndio apate bibi," alisema, nasi tukacheka mpaka tukamwaga maji.

Alitufundisha kukunja pini iwe ndoano, kufunga uzi wa gunia, na kukata kipande cha ndara kuukuu kielee juu ya maji. Nyungunyungu tuliwachimbua kwenye samadi. Samaki wangu wa kwanza alikuwa jike. Nilipomshika, alifungua mdomo akatema kiganjani mwangu vitu vidogo vinavyochezacheza, kama punje za wimbi zenye macho. Nilipiga kelele nikidhani ni mgonjwa. Mwalimu alikuja mbio, maji yakiruka. "Mrudishe! Mrudishe upesi! Anafichaga watoto mdomoni." Tangu siku hiyo tulivua wenye mkia mwekundu tu.

Tulichopata tulimpelekea mwalimu. Alitukaangia, tukala mlangoni pake, kisha tukasugua midomo kwa majani ya mpera ili nyumbani tusijulikane. Mambo yangeendelea hivyo kama si kiburi changu. Mwaka uliofuata nilinasa ngege mrefu kama mkono wangu kuanzia kiwiko, nikataka nimpike mwenyewe, kwetu. Susu alikuwa ameenda mkutano wa akina mama wa kanisa. Nilichukua sufuria yake ya muthokoi, ile aliyochemshia mahindi yaliyokobolewa na maharagwe kila siku ya Mungu, nikamlaza samaki humo.

Susu alirudi kabla samaki hajaiva. Alisimama mlangoni, akanusa. Alifunika sufuria, akaiinua kwa kitambaa, akanishika kifundo cha mkono kwa ule mkono wa pili, tukashika njia kwenda kwa mwalimu, mla samaki pekee aliyemjua kijijini. Alitembea akipanga maneno yake kwa sauti, na yalikuwa makali.

Tulimkuta mwalimu ameketi sakafuni, redio karibu na goti lake. Jirani mwenye nyumba alisimama nje, mikono kifuani. Alimnong'oneza Susu kwamba mama wa mwalimu ametangazwa kwenye matangazo ya vifo ya saa saba. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumatano. Mto ulikuwa umefurika na magari hayavuki. "Hata chai hajaonja," jirani alisema.

Nilisikia vidole vya Susu vikilegea mkononi mwangu. Aliingia, akaweka sufuria chini, akaketi sakafuni kando ya mwalimu na kunyoosha miguu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni.

"Mwalimu, mimi nilikuja gombana na wewe."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa bila kumtazama.

"Sasa nimewacha. Mama yako alikuwa anapika hii kitu namna gani?"

Mwalimu akafunua sufuria. Kisha akasema, sauti imepasuka, "Na kitunguu. Na nyanya nyingi. Hakuwa anaweka maji."

Susu akawasha jiko. Mimi nilikata nyanya, yeye akamgeuza samaki kwa vidole viwili huku uso ameuelekeza ukutani. Alipopakua, mwalimu alisukuma sahani. Susu akamega kipande, akakitia mdomoni mwake mwenyewe na kutafuna macho yamefumbwa, kama mtu anayemeza kwinini.

"Mimi nimekula nyoka sababu yako," alisema. "Kula sasa."

Mwalimu alicheka. Kicheko kikageuka kilio, na katikati ya kilio akaanza kula, akitusimulia habari za mama yake mpaka ng'ombe wakarudi zizini.

Ijumaa alfajiri maji yalipungua. Susu alimsindikiza hadi mtoni, mzigo wa mwalimu mgongoni kwa kamba ya kichwani, akangoja mpaka alipomwona ng'ambo. Mwalimu aliwahi mazishi. Alirudi kutufundisha miaka miwili zaidi, kisha akahamishwa, nasi hatukumwona tena.

Susu hakuonja samaki tena maisha yake yote. Watu wakimtania kuhusu siku ile alikasirika kabisa. "Mimi sikula samaki," alisema. "Nilikula na mwalimu."

Nilipomaliza chakula pale Malili sikuendelea na safari yangu. Niligeuza gari nikaenda Kalamba. Susu tulimzika zamani, na chumba cha mwalimu kimebomolewa. Silanga limejaa udongo kutoka kwenye mashamba ya juu. Mtu amepanda ndengu pale maji yalipokuwa yakinifika kifuani, na zimestawi kweli. Nilitembea kati ya mistari, viatu vikizama kidogo kwenye ardhi laini. Mwenye shamba, kijana mpole mwenye jembe begani, alikuja akanisalimia vizuri.

"Mama, unatafuta nani?" akaniuliza.

Nikainama, nikavua viatu, nikamwonyesha mahali ngege walipokuwa wakichimba mashimo yao.