Mbuzi Kwanza, Ng'ombe Baadaye

Mama aliuza ng'ombe wawili mnadani Ikungi ili mdogo wangu apate nauli ya kurudi nyumbani. Mdogo wangu huyo alikwama nje ya nchi, kazi imeisha, kibali cha kuishi kule kimebakiza siku chache, na kikiisha wanamweka ndani. Pesa angeweza kuipokea kwa njia moja tu, sarafu za mtandaoni. Mimi ndiye nilisema naweza kuzituma. Mimi na kimbelembele changu!

Nikazinunua kwa simu, nikakaa jikoni kwa mama, kijijini Issuna, nikabandika anwani ya mdogo wangu, mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Kisha nikasubiri jina litokee. Ndivyo tulivyozoea: ukituma pesa kwa simu, unasoma kwanza jina la mpokeaji, ndipo unaweka namba ya siri. Nikasubiri weee! Kumbe huku jina haliji kabisa, na ukikosea hakuna wa kumpigia akurudishie.

"Kwa hiyo humjui unayempa?" mama akauliza.

"Anwani nimeitoa kwenye meseji zake, mama."

"Mtu usiyemjua humpi ng'ombe akufugie. Mpe mbuzi kwanza, umwone."

Nilikasirika. Kweli mifugo huku kwetu tunakabidhiana hivyo, lakini mama hata simu ya kitochi ya kubonyeza inamshinda, leo anifundishe mimi! Tena kila ukituma kuna makato. Nikatuma kidogo, basi tu anyamaze.

Nikampigia mdogo wangu. Hajaona kitu. Tukapika ugali, tukala, bado hajaona kitu. Akaniambia nimsomee anwani niliyotumia. Nikasoma.

"Dada, hiyo ni ya rafiki niliyekuwa nakaa naye zamani, nilikutumia kabla sijafungua yangu. Yangu iko kwenye meseji ya chini."

Rafiki mwenyewe alishahama, hapatikani. Niliogopa, sisemi uongo. Nikanakili ile ya chini, tukasomeana herufi zote, yeye kule mimi huku, nikatuma kidogo tena.

"Imefika, dada."

Ndipo nikatuma zote.

Mama alikuwa anachambua mboga, hakuinua uso.

"Yule mbuzi wa kwanza amekufa?"

"Amekufa, mama."

"Afadhali yeye," akasema, akanyoosha mkono nimpe simu aongee na mwanawe.