Mama Besi na Vikombe Kumi na Viwili

Saa tatu asubuhi, fundi spika amepiga magoti sebuleni kwa watu, sikio kalibana kwenye kabati la vyombo kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Ndani ya kabati, vikombe kumi na viwili vinatetemeka.

"Zima, baba," anasema. "Ugonjwa nimeuona."

Wateja humwita Mama Besi, kwa ile midundo mizito ya spika. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akiuza na kufunga vyombo vya muziki majumbani. Anasema kati ya wateja kumi, saba huulizia spika kubwa kuliko zote. "Hawaniambii wanasikiliza nini. Wananipimia kwa mikono tu, hivi, kama wananunua kitanda."

Mwenye nyumba, dereva mstaafu wa lori, ni mmoja wa hao saba. Miaka thelathini na miwili kichwa chake kilikuwa jirani wa injini. Ukipiga kelele, yeye husikia mnong'ono. Amenunua spika zenye kimo cha mbuzi, akazipandisha juu ya kabati hilo la mkewe, kwenye kona kabisa ya chumba. Mdundo wa nyimbo zake za magitaa unagonga kuta mbili, kisha unateremkia vikombe.

Mkewe ametoa neno la mwisho: vikombe visipotulia leo, muziki basi. Mzee atabaki na taarifa ya habari.

"Watoto wameshahama, gitaa nalo lihame?" mzee analalamika.

"Lihame! Watoto hawakupiga kelele hivyo."

Mama Besi anazishusha zile spika za kimo cha mbuzi. Anafungua boksi, anatoa spika mbili za kadiri, anaziweka juu ya stuli, mbali na ukuta, zikilitazama kochi. Kisha anamgeukia mke.

"Na wewe, mama, wimbo wako ni upi?"

"Mimi? Huyu hajaniuliza tangu anioe."

Anautaja: wa magitaa ya umeme, alioucheza enzi za usichana. Mama Besi anauweka. Gitaa linalia. Vikombe kimya.

Mke anasogea, anaongeza sauti. Anaongeza tena. Kabati linaanza kunong'ona.

"Vikombe, mke wangu!"

"Kwani ni vyako? Inuka tucheze."

Mama Besi anakunja waya zake akicheka. Ana mpango wa kutenga sebule ndani ya duka lake, yenye kochi, zulia na kabati, wateja wajaribie humo, mume na mke pamoja.

Na vikombe?

"Vya plastiki," anasema.